Tangi Moja kwa Wiki Mbili

Gari letu la kwanza halikuwa na mahali pa kuweka mkungu wa matoke. Lilikuwa jekundu, fupi, la viti viwili, na ukiingia ndani unanyoosha miguu mbele kama uliyekaa mkekani. Ukifungua buti ukitegemea kuona nafasi ya mizigo, unakuta tangi la petroli limejaa mle ukuta hadi ukuta, na juu yake tairi la akiba limelazwa na kufungwa kwa mkanda wa ngozi. Mama mkwe wangu alipoliona mara ya kwanza aliinama, akachungulia, kisha akauliza kwa upole, "Sasa wajukuu zangu mtawaweka wapi?"

Mume wangu akamjibu kwamba wajukuu watapanda basi.

Yeye alikuwa fundi wa matangi na rejeta. Karakana yake ilikuwa Kawempe, kando ya barabara ya Bombo. Mimi nilikuwa mkunga katika zahanati ya serikali, mwendo mfupi kutoka hapo, na nyumba yetu ilikuwa Kyebando. Sisi ni Waswahili wa Kampala, uzao wa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani enzi za babu wa babu zetu. Nyumbani tulisema Kiswahili, sokoni Kiluganda. Miaka ile ya serikali ya kijeshi, mtu akisikia Kiswahili nyuma yake aligeuka haraka, maana ndiyo lugha waliyotumia askari. Majirani walikuwa wakinitania kwamba nikiita watoto wangu waje kula, mtaa mzima unasimama wima.

Gari tulilipata kwa mteja, mzee wa Kihindi aliyekaa Ntinda, mfamasia kwa kazi yake. Tangi lake lilikuwa na tabia ya kuvuja kwenye maungio, basi kila baada ya miezi kadhaa alilileta karakana. Hakukubali kuliacha na kwenda zake. Alikaa pale pale akimtazama mume wangu analifungua, analisuuza kwa maji ya moto na magadi, analijaza maji mpaka karibu na ufa ili mvuke wa petroli usibaki, ndipo anapoweka moto na kulehemu. Ilikuwa kazi ya siku nzima, na siku nzima mzee alisimulia. Nikipeleka chakula cha mchana nilikuwa nakuta hadithi imefika katikati.

Alisema mashindano ya mwanzo ya magari yalikuwa ya kutoka mji hadi mji, kutwa nzima, kwenye barabara za vumbi. Petroli ilimiminwa kwa ndoo na faneli. Ukisimama kujaza, mwenzako anakupita na vumbi lake unalila wewe. Waundaji wa magari wakang'amua kwamba anayeshinda si lazima awe mwenye mbio kuliko wote. Mara nyingi ni yule anayesimama mara chache. Basi wakaanza kuongeza matangi, wakiyafunga nyuma ya viti, wakiyabana ubavuni, mwisho wakaliteka buti lote. Yalipokuja mashindano ya kukimbia mchana na usiku bila kupumzika, mengine yaliwekewa sharti kwamba huruhusiwi kujaza mpaka umezunguka mizunguko kadhaa. Mwenye tangi dogo alizimikia njiani akarudi kwa miguu.

"Lakini hili si la mashindano," nilimwambia siku moja. "Lina redio."

Akacheka. "Sheria ilitaka gari la mashindano liwe la aina inayouzwa dukani, mama. Kwa hiyo wakawauzia watu pia. Unakwenda na fedha zako, unawaambia nataka lenye tangi kubwa. Wengi waliagiza kwa majivuno. Baada ya mwaka mke anasema sanduku langu litakaa wapi, tangi linang'olewa, linatupwa. Ndiyo maana yamebaki machache."

Hili letu liliagizwa na mkulima mmoja wa Kizungu huko Kenya, na mfamasia akalinunua kwake. Ujanani alishindana nalo mwenyewe kwenye njia zetu hizi, zama ambazo kutoka pampu moja hadi nyingine unaweza kwenda nusu siku. Tangi lake lilichukua galoni thelathini.

Siku moja mume wangu alilazimika kukata bati la juu, akaniita nione ndani. Mlikuwa na kuta nyembamba zenye matundu, zimepangwa kama vyumba. "Bila hizi," alisema, "petroli yote inakimbilia upande mmoja kwenye kona, na gari linaifuata." Alizitazama kuta zile kwa muda mrefu, akazipima kwa shibiri, akaandika vipimo ukutani kwa chaki.

Kisha ikaja amri ya kwamba Wahindi waondoke nchini. Mzee alifika karakana asubuhi moja amevaa koti, akampa mume wangu ufunguo na karatasi aliyoitia saini.

"Nikiliacha nyumbani litachukuliwa na mtu asiyejua hata kifuniko cha tangi kinafunguliwa vipi," alisema. "Bora likae kwako."

"Mzee, mimi sina cha kukupa."

"Umeshanipa. Miaka kumi hii sijanusa petroli ndani ya gari langu."

Nilimfungia sambusa za njiani. Aliondoka kwa teksi na sanduku moja. Ilikuwa siku nzito, na sitajaribu kuifanya nyepesi kwa kuwa sasa imepita.

Mwanzoni nililidharau gari lile. Nilimwambia mume wangu tumepewa pipa lenye magurudumu. Lakini yeye alilipenda, akawa kila Ijumaa baada ya swala anatia galoni mbili tatu, tunakwenda mimi na yeye hadi njia ya Bombo na kurudi, watoto wakibaki kwa bibi yao. Nilivaa miwani ya jua. Sikumwambia kwamba nafurahi.

Baada ya miaka miwili hivi, petroli ikaadimika. Vituo vingi vilifunga minyororo kwenye pampu. Vilivyobaki vilikuwa na foleni za kutoka kilimani hadi bondeni, na watu walisukuma magari kwa mikono ndani ya foleni ili wasichome petroli ya kutafutia petroli. Mfanyakazi wa afya alipewa kadi. Yangu niliichukua ofisini Jumatatu, nikaitia kwenye mkoba bila kuisoma vizuri, nikampitishia mume wangu karakana.

Aliisoma kwa sauti. "Mwenye kadi hii ajaziwe tangi moja kila wiki mbili." Akaisoma tena. Kisha akakaa chini, kwenye sakafu yenye grisi, akacheka hadi akajifuta machozi kwa mkono wenye masizi, uso ukawa na mistari.

"Una nini?" nikamwuliza.

"Tangi moja," alisema. "Hawakuandika la ukubwa gani."

Alhamisi tukaenda. Mhudumu wa pampu alikuwa Muganda wa makamo, mtaratibu, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka. Aliisoma kadi, akaweka mpira wa pampu mdomoni mwa tangi, akaanza kujaza huku akitazama pembeni kama mtu anayejua kazi itakwisha karibuni. Galoni nane. Galoni kumi. Akageuza macho kwenye pampu. Galoni kumi na sita. Akainama kuchungulia chini ya gari kuona kama inamwagika.

"Nnyabo," aliniambia kwa heshima, "hii gari inapeleka wapi?"

"Ndani ya tangi, ssebo."

"Tangi iko na mwisho?"

"Upo. Endelea tu."

Pampu iliposimama kwenye galoni ishirini na tisa, foleni nyuma yetu ilikuwa imekwisha kuota minong'ono. Hakuna aliyelalamika kwa sauti, kwa maana miaka ile watu hawakulalamika hadharani, lakini niliyaona macho yao. Tuliondoka nikiwa nimeinamisha kichwa. Mume wangu alipiga mluzi njia nzima.

Jioni nilimweleza mama yangu mzazi. Nilimwambia kwamba hatukuvunja sheria yoyote, kadi imeandika tangi na tangi ni hilo. Mama alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso.

"Kadi imesema tangi," alisema. "Lakini Mungu hasomi kadi, mwanangu. Anatazama foleni."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamwambia mume wangu kwamba petroli ile nimepewa ili wazazi wajifungue salama, na kama itatumika kupungia upepo njia ya Bombo, kadi nitairudisha. Tulibishana kidogo. Alisema gari ni lake. Nikamwambia kadi ni yangu. Mwisho akauliza, "Sasa unataka nini?" Nikamwambia.

Zahanati yetu gari lake la wagonjwa lilikuwa limekufa tangu mwaka uliotangulia, na gari letu jekundu lisingeweza kumbeba mjamzito hata kwa kumkunja. Lakini Kyebando palikuwa na mwalimu mkuu mstaafu mwenye pikapu, na jirani yake mwenye teksi, na mkunga mwenzangu alikuwa na pikipiki. Vyote vitatu vilikaa uani vikiota kutu kwa kukosa petroli. Basi kila baada ya wiki mbili, Ijumaa asubuhi, walifika karakana, na mume wangu aliwagawia kwa kunyonya na mpira kutoka kwenye tangi letu. Masharti yalikuwa mawili: hauzi mtu hata tone, na akiitwa kwa ajili ya uzazi anakwenda. Mume wangu hakuwahi kuinyonya petroli bila kuionja, na Ijumaa hizo hata chai aliyokunywa alidai ina ladha ya kabureta.

Tuliendelea hivyo miezi kadhaa. Mke wa kijana wa mwalimu mkuu alifikishwa hospitali kuu kwa pikapu saa nne ya asubuhi, mtoto akiwa amekaa vibaya, akazaa salama. Mwalimu akaja Ijumaa iliyofuata na jogoo kwapani. Jogoo alimtoroka mle karakana, na ilichukua mafundi watatu kumtoa nyuma ya rejeta ya lori.

Siku tuliyokutana na kapteni wa jeshi ilikuwa Alhamisi kama nyingine. Mhudumu alikuwa amekwisha kutuzoea, akijaza huku anatuuliza habari za watoto. Sikumwona mwanajeshi aliyesimama kando ya ofisi ya kituo, fimbo mkononi, mpaka aliposogea.

"Mama," alisema, "hii gari iko na matangi ngapi?"

"Moja, afande."

"Moja? Mimi nimesimama hapa tangu pampu ianze. Fungua nyuma."

Mume wangu akafungua. Kapteni alitazama, akaligonga tangi kwa fimbo, likatoa sauti nene ya kitu kilichojaa. Uso wake ukabadilika. "Hii ni ya magendo. Mnabeba petroli mnapeleka mpakani."

Siku zile neno hilo moja lilitosha kumpoteza mtu. Mhudumu alirudi nyuma hatua mbili, kofia yake ya sufi mkononi. Mume wangu naye akajifuta viganja kwenye suruali, akafanya jambo ambalo hata leo nashangaa alilipata wapi. Akaanza kusimulia.

"Afande, tangi hili lilitoka nalo kiwandani. Tazama hizi ribiti zilizoshika bati, hakuna fundi wa hapa mwenye mashine ya kuzipiga hivi. Tazama kifuniko, kikubwa kama sahani, kimefanywa hivyo ili wamwage petroli kwa haraka." Akamweleza habari za miji na vumbi, ndoo na faneli, sharti la mizunguko, na yule mkulima wa Kizungu. Alisimulia kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, polepole, na kapteni alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikia lugha yake imevaa nguo za sikukuu ya Idi. Baadaye tulijua kwamba kabla ya kupata cheo alikuwa dereva wa malori ya jeshi.

"Na hawa wa matangi kubwa," aliuliza, "walishinda?"

"Wengine walishinda, afande. Wengine walipinduka."

"Kwa nini?"

"Uzito. Likijaa, mkia unakuwa mzito kuliko kichwa. Ukikanyaga breki ndani ya kona, mkia unataka kutangulia."

Kapteni akalizunguka gari, akapapasa boneti. "Kuna mkubwa wangu anatafuta gari kama hii," alisema. Tulielewa. Watu wengi waliopoteza magari waliyapoteza kwa sentensi kama hiyo, na waliobahatika walipoteza gari tu. Akanyoosha mkono. "Lete ufunguo. Nijaribu kwanza. Mama, ingia. Kadi iko yako."

Mume wangu akampa. Alisema tu, "Breki kabla ya kona, afande. Si ndani."

Niliketi, nikaushika mkoba wangu wa ukunga mapajani. Aliendesha vizuri, lazima niseme kweli. Kwenye sehemu iliyonyooka aliongeza gia, upepo ukatuingia, akatabasamu kama mtoto. Akaniuliza nimezalisha watoto wangapi. Nilikuwa najaribu kukumbuka wakati raundabauti ya karibu na hospitali ilipotokea mbele yetu. Aliingia kwa kasi, akaona baiskeli, akakanyaga breki.

Nyuma yangu nilisikia petroli inagonga kuta zake. Kisha mkia ukatangulia. Palikuwa na mwanamke anayeuza ndizi mbivu ukingoni mwa barabara, nami nilimwona mara mbili kabla gari halijasimama. Tulikuwa tumekaa katikati ya maua ya manispaa, tukitazama tulikotoka. Injini ilizimika. Mwenye baiskeli alipita salama bila kugeuka.

"Mama, uko mzima?"

"Mzima, afande. Na wewe?"

"Kofia yangu iko wapi?"

Ilikuwa miguuni kwangu. Nikaikung'uta kwa upindo wa sare, nikampa. Hakuivaa. Alikaa akiishika, akitazama maua mekundu yaliyolala juu ya boneti.

"Nikimpelekea mkubwa hii gari," alisema taratibu, "halafu imgeuze hivi mbele ya watu, nani ataulizwa?"

Kuna maswali ambayo mkunga anajua hayamhusu.

"Mimi," alijijibu.

Ndipo akaanza kucheka, kidogo kidogo, mabega yakitikisika, nami hofu yangu ikageuka kicheko nisichoweza kukizuia. Muuza ndizi alikuja kuuliza kama tumeumia, akatukuta tunacheka, akarudi zake akitikisa kichwa. Wapita njia walitusukuma hadi barabarani. Kapteni aliendesha kurudi kwa mwendo wa gari la bibi harusi, mikono yote miwili kwenye usukani.

Mume wangu alikuwa amesimama pale pale tulipomwacha. Nadhani hakuwa amehema. Kapteni akashuka, akamrudishia ufunguo.

"Fundi, hii gari yako ni mbaya."

"Ndiyo, afande."

"Ni mbaya sana."

"Ndiyo, afande."

Akamgeukia mhudumu wa pampu. "Wewe. Kuanzia leo hii tangi unajaza nusu. Kadi iko sawa, sina shida na kadi. Ni sababu ya kona."

Alipokwisha kuondoka, mume wangu alitaka kukaa ndani ya gari lakini mlango ulimshinda kufungua. Nikamfungulia. Njia nzima hakupiga mluzi. Tulipofika nyumbani nilimwambia habari ya kofia na muuza ndizi, na hapo ndipo aliporudi kuwa yeye.

Nusu ya galoni thelathini ni kumi na tano, na kumi na tano zilikuwa bado nyingi kuliko alizopata mtu mwingine yeyote kwenye foleni ile, lakini hazikumtisha mtu. Pikapu, teksi na pikipiki ziliendelea kupata mgawo. Wakati huo huo mume wangu alinifundisha kuendesha, kwa kuwa alisema aliyepita raundabauti kwa kuzungushwa na akatoka anacheka hawezi kuogopa usukani. Wiki chache baadaye nilikuwa nakwenda mwenyewe kwa wazazi wa mbali, mkoba kwenye kiti cha pembeni. Wanawake wa Kyebando walisema mkunga wao anafika kwa kishindo, kwamba mtoto aliyechelewa akisikia injini ile anaharakisha kutoka aone.

Mwaka uliofuata, karani mpya ofisini alibadilisha kadi zote zikaandikwa lita, na mchezo ukaisha. Hazikuwa lita nyingi. Gari lenyewe lilidumu miaka miwili zaidi, mpaka gia zilipovunjika na spea hazikupatikana mahali popote. Mume wangu alilisukuma hadi nyuma ya karakana akalifunika turubai, mimi nikanunua baiskeli.

Lakini vipimo vya zile kuta zenye matundu vilikuwa bado ukutani. Madereva wa malori ya kwenda kaskazini walikuwa wanakwama njiani kwa kukosa petroli, na mmoja wao, mtu mnene mwenye sauti ndogo, akamwuliza mume wangu kama anaweza kumfanyia tangi la kwenda na kurudi. Alimfanyia, la mabati mazito, ndani lina vyumba vinne. Lilimchukua wiki tatu. Dereva aliondoka Jumamosi, tukakaa siku tisa bila habari zake, mume wangu akijifanya hahesabu.

Siku ya kumi lori lilisimama mbele ya karakana adhuhuri. Dereva akashuka na sangara aliyekaushwa kwa moshi, mrefu kama mkono wangu, amefungwa kwa majani ya mgomba. Alisema amekwenda na kurudi bila kusimama pampu hata moja, na kwamba wenzake watatu wanataka kama lile kabla ya mwisho wa mwezi. Tulimkaribisha nyumbani kwa chakula. Samaki alikuwa mkubwa kutushinda, nikakata kipande kizuri cha mgongoni nikampelekea mwalimu mkuu, na kingine nikampelekea mama.